Mistari Isiyopandwa: Njia za Trekta katika Ngano na Swali la Fungu Linaloachwa

Njia za trekta ndani ya shamba la ngano ni jozi za mistari mitupu, kila mmoja ukikaribia upana wa tairi, ambayo mashine ya kupandia huiacha bila mbegu ili trekta lipite hapo msimu mzima likinyunyiza dawa na kumwaga mbolea. Waingereza waliipa jina la reli za tramu, na shamba likitazamwa kutoka kilimani mfano huo unaeleweka mara moja: mistari inakwenda miwili miwili, imenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na kati ya jozi moja na nyingine kuna ngano pekee.

Mazao yanayohitaji njia hizi ni yale yanayopandwa kwa mistari iliyosongamana, hasa ngano na shayiri. Nafasi kati ya mstari na mstari ni sentimita 12 hivi. Hakuna mguu unaopita hapo bila kukanyaga. Mahindi hayana shida hiyo, kwa kuwa mistari yake huachana kwa sentimita 75 hivi, na mtu mwenye bomba mgongoni hupita katikati bila kuvunja bua. Ndiyo maana jambo hili ni la mashamba makubwa ya nafaka ndogo: mashariki mwa Uingereza, kaskazini mwa Ujerumani na Ufaransa, na kwa upande wa Afrika Mashariki, nyanda ambako ngano na shayiri hulimwa kwa mashine, kama Narok, Timau na Uasin Gishu.

Mistari hii mitupu inarudisha swali lililo la kale kuliko trekta. Mwenye ardhi anapoacha kwa makusudi sehemu ya shamba lake bila kuipanda, au bila kuivuna, kitendo hicho kihesabiwe nini: ni kutoa, ni kupoteza, au ni kujiwekea? Dini zilizokulia katika nchi za nafaka zililichambua swali hilo kwa undani unaoshangaza, hadi kufikia mafungu na aina za njia. Na kwa kuwa mkulima wa leo naye huhesabu, hesabu hizo mbili zinaweza kuwekwa pamoja zikatazamwa.

Kazi ya njia hizi huonekana vizuri kwa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Dereva aliingia katika ngano iliyofika gotini akikadiria kwa macho mahali mkono wa mashine ya kunyunyizia ulipoishia safari iliyopita. Wengine walisimika fito ukingoni. Wengine walitumia mashine zilizodondosha povu jeupe kuweka alama. Makosa yalikuwa ya aina mbili. Akijibana mno, ukanda mmoja ulipata dawa au mbolea mara mbili, na ngano iliyolishwa naitrojeni kupita kiasi hurefuka, hulegea bua na kulala chini. Akijitanua mno, ukanda ulibaki bila kitu, na magugu yake yakasimama hadi siku ya mavuno. Zaidi ya hayo, matairi yaliponda mimea popote yalipopita. Mmea uliopondwa mapema huinuka, lakini huchelewa. Wenzake wakikauka, wenyewe bado ni kijani, na punje zake mbichi huingia katika kombaini pamoja na zilizokauka na kuutia unyevu mzigo mzima.

Hayo yalivumilika wakati dawa zilikuwa chache na zilinyunyizwa ngano ikiwa changa. Katika miaka ya 1970 mambo yalibadilika Ulaya ya kaskazini. Zilienea dawa za kukinga majani na masuke dhidi ya ukungu, dawa za kufupisha bua, na desturi ya kugawa naitrojeni kwa awamu badala ya kuimwaga yote mara moja. Trekta lililokuwa likiingia mara mbili au tatu likawa linaingia hata mara kumi, na safari za mwisho zikafanyika masuke yameshatoka, wakati ambapo mmea uliopondwa hauna nafasi ya kuinuka tena. Hapo ndipo wakulima wa Ujerumani ya kaskazini na wa Uingereza walipoona kwamba ni heri kuacha njia siku ya kupanda kuliko kuikanyaga ngano iliyokwisha kuota. Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Jethro Tull, Mwingereza aliyejulikana kwa mashine yake ya kupandia, aliacha nafasi pana kati ya safu zake ili farasi avute jembe la palizi katikati.

Namna ya kuzitengeneza inahitaji hesabu kidogo. Mashine ya kupandia yenye upana wa mita 6, na mistari inayoachana kwa sentimita 12.5, ina mirija 48 ya mbegu. Mkono wa kunyunyizia wenye upana wa mita 30 unafunika safari tano za mashine hiyo. Kwa hiyo katika safari ya tatu ya kila tano, ile ya katikati, mirija miwili nyuma ya kila tairi hufungwa, na mita 15 zinabaki kila upande. Kifaa cha kuhesabu safari hufanya kazi hiyo chenyewe kila mashine inapoinuliwa ukingoni. Dereva akiinua mashine katikati ya shamba kwa sababu nyingine, labda kukwepa jiwe au tope, kifaa huhesabu safari ambayo haikuwapo, na kuanzia hapo njia zote hukaa pasipo mahali pake. Kosa hilo la dakika moja halionekani mpaka ngano iote, na likishaonekana halirekebishiki hadi mavuno. Kila dawa na kila mbolea ya mwaka huo italifuata. Wenye mashine ya mita 6 na mkono wa mita 24 wana shida nyingine, kwani safari ni nne na kitovu kinaangukia mpakani mwa safari ya pili na ya tatu. Hao huanza shamba kwa nusu upana, au hufunga upande wa tairi moja katika safari moja na wa tairi la pili katika safari inayofuata. Siku hizi setilaiti huwaongoza wengi, lakini hesabu ni ile ile.

Kinachoachwa ni kiasi gani? Katika mfano wa mita 30, safari tano zina mistari 240, na iliyofungwa ni minne: fungu moja katika 60. Mkono wa mita 24 unatoa fungu moja katika 48, na mkono mfupi wa mita 12, fungu moja katika 24. Mirija ikifungwa mitatu kwa kila tairi badala ya miwili, fungu linakua kwa nusu. Hasara ya kweli ni ndogo kuliko hesabu ya ardhi inavyoonyesha. Mbegu haikutumika hapo. Ngano ya kando ya njia hupata mwanga na virutubisho zaidi, hutoa machipukizi mengi, masuke yake huwa mazito, na hivyo hufidia sehemu ya kilichokosekana. Na mimea ambayo ingeota mahali pa tairi ilikuwa ya kupondwa kwa vyovyote. Kwa mkulima, basi, jibu ni jepesi: mistari mitupu ni gharama ndogo inayomrudia.

Fungu moja katika 60 ni kiasi ambacho msomaji wa sheria ya Kiyahudi hukitambua papo hapo. Torati, katika kitabu cha Walawi sura ya 19, inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembe za mwisho. Pembe hizo, pamoja na masazo yaliyoanguka, ni za maskini na mgeni. Chini ya sheria hiyo Ruthu, mjane kutoka Moabu, aliokota masuke katika shamba la Boazi huko Bethlehemu. Torati haikutaja kiasi. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu na mwaka 200, ina kitabu kizima kiitwacho Pea, yaani pembe. Humo marabi wanaanza kwa kukiri kwamba jambo hili halina kipimo, kisha wanaweka kiwango cha chini: lisipungue fungu moja katika 60, na liongezwe kwa kadiri ya ukubwa wa shamba na wingi wa maskini.

Kulingana kwa namba hizo mbili ni sadfa tu. Hata hivyo kunasaidia, kwa sababu kiasi kikiwa sawa, kinachobaki kutofautisha ni kusudi na namna. Pea hupandwa, hupaliliwa, hukomaa, kisha huachwa. Huachwa ikiwa imesimama ardhini, na maskini huivuna wenyewe. Mishna inawazuia hata kutumia mundu, wasije wakajeruhiana, na inawawekea nyakati tatu kwa siku za kuingia shambani. Mwenye shamba hutoa nafaka kamili, iliyomgharimu mbegu na jasho la mwaka mzima, na haimrudii. Njia ya trekta huanza ikiwa tupu na humaliza ikiwa tupu. Hakuna aliyealikwa humo ila tairi, na tairi linamfanyia kazi aliyeliachia nafasi. Utupu wa njia na utimilifu wa pembe vinaweza kuchukua ardhi sawa kabisa katika shamba moja, lakini ni kimoja tu kinachostahili kuitwa kutoa. Mtu anayejihesabia wema kwa sababu tu hakupanda kila shubiri ya ardhi yake amechanganya mambo. Ardhi kuachwa hakutoshi kumpa thawabu. Lazima iulizwe imeachwa kwa ajili ya nani.

Mlango wa pili wa Pea una jambo la kuvutia zaidi. Marabi waliuliza shamba huanza kuhesabiwa kuwa mawili lini, kwa kuwa kila shamba linadaiwa pembe yake. Walitaja vitu vinavyoligawa: kijito, dimbwi, barabara, ardhi isiyolimwa, zao la aina nyingine. Walitaja pia ujia wa mtu binafsi, kwa sharti moja: uwe umedumu wakati wa jua na wakati wa mvua. Ujia unaofutika mvua ikija haugawi kitu. Njia ya trekta ya kawaida, inayolimwa na kutoweka kila mwaka, iko upande huo wa kufutika. Lakini upo mfumo ambao wakulima wengi wa nafaka wa Australia wameufuata tangu miaka ya 1990, ambamo magurudumu ya mashine zote, ya kupandia, ya kunyunyizia na ya kuvunia, hubaki kwenye mistari ile ile mwaka baada ya mwaka, na mistari hiyo hailimwi kamwe. Je, shamba la namna hiyo ni moja, au ni kanda mia zilizopangwa kando kando, kila moja na deni lake? Uamuzi ni wa wenye elimu ya sheria hiyo. Kilicho wazi ni busara ya sharti lenyewe. Njia inayodumu hubadilisha hali ya ardhi iliyo pande zake mbili hata kama mwenye shamba hakukusudia, kwa sababu udongo, maji, wadudu na watu huanza kuitambua kuwa njia.

Katika Uislamu hesabu huanzia mahali pengine. Kurani, katika sura ya Al-An'am, inaamuru haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa, na Sunna ikaweka fungu la kumi kwa shamba linalonyeshewa na mvua, na nusu yake kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Kinachopimwa ni nafaka iliyopatikana, si ardhi. Mstari usiopandwa hauongezi zaka wala hauipunguzi. Na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, gharama za kulima na kuvuna hazikatwi kabla ya zaka kutolewa. Kwa njia hiyo mtego wa kujihesabia wema hautegwi tangu mwanzo: mistari mitupu ni shauri la mkulima na mashine yake, na haki ya maskini iko pale pale.

Kurani ina pia kisa kinachogusa jambo hili kwa karibu. Sura ya Al-Qalam inasimulia habari za wenye bustani walioapa kuvuna asubuhi mapema ili maskini yeyote asiwakute, wakafika wakaona bustani imeangamia. Kosa la watu wale halikuwa uvivu wala kilimo kibaya. Walikuwa na mpango, waliamka mapema, walishikamana. Ustadi wao ndio uliotumika kumfungia mtu nje, na kisa hicho kinakataa kuuhesabu ustadi wa namna hiyo kuwa sifa.

Mfano wa mpanzi katika Injili za Mathayo, Marko na Luka nao una njia inayopita shambani. Mbegu zilizoangukia hapo zililiwa na ndege, na Luka anaongeza kwamba zilikanyagwa. Mashine ya leo hufunga mrija mahali ambapo mpanzi yule alirusha mbegu. Lakini mfano ule unahusu neno na mioyo ya wasikiaji, na kuufanya somo la kilimo ni kuunyima kazi yake.

Swali la pili ni la madhara. Tairi zito likipita juu ya udongo wenye unyevu, hubana nafasi ndogo ndogo zinazopitisha hewa, maji na mizizi. Sehemu kubwa ya mbano huo hutokea tairi linapopita mara ya kwanza. Safari zinazofuata juu ya alama ile ile huongeza kidogo tu. Maana yake ni kwamba matairi yakipita popote, kila safari hugusa udongo mpya na kuutia karibu dhara lote, na katika kilimo cha mashine, kuanzia kulima hadi kuvuna, sehemu kubwa ya shamba huwa imekanyagwa walau mara moja kwa mwaka. Matairi yakishika mistari miwili, mistari hiyo hudhurika sana na udongo uliobaki husalimika. Mtu angedhani kwamba mzigo ukigawanywa kwa wote huwa mwepesi kwa kila mmoja. Udongo unakataa: ukigawiwa mzigo huo wote, huumia wote.

Kanuni hii inavutia, na kwa hiyo ni ya kuchunguzwa kabla haijahamishiwa kwa watu. Jeremy Bentham na waliomfuata walipima tendo kwa jumla ya furaha na maumivu linayoyazaa. Kwa kipimo hicho, jamii ndogo inayobebeshwa taabu yote ili nchi ipate mkate inafanana na mstari wa tairi: imedhurika sana, wengine wamesalimika, jumla ni nzuri. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, alipinga hesabu ya namna hiyo kwa hoja kwamba inawachukulia watu wengi kana kwamba ni mtu mmoja, ilhali kila mtu ana maisha yake na faida ya jirani haiponyi jeraha lake. Udongo wa mstari na udongo wa kando yake una mwenyewe mmoja, naye ndiye anayepoteza hapa na kupata pale. Watu sivyo walivyo.

Ngano ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hili, na ni ushahidi mchungu. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano yalipanuliwa huko Hanang, Tanzania, kwa msaada wa Kanada, hadi yakafikia ekari 100,000 hivi. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Mapito yao ya mifugo yalizibwa, waliopita walishtakiwa kwa kuingia pasipo ruhusa, na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Nchi ilihitaji ngano, hilo ni kweli. Lakini mstari uliokanyagwa safari hii ulikuwa wa watu, na hakuna aliyewauliza. Trekta liliachiwa njia katika nchi ambayo ng'ombe wake walikuwa wamenyang'anywa yao.

Fikihi ya Kiislamu ililifikiria suala la madhara kwa kanuni fupi fupi, na mpangilio wake una mizani ambayo hesabu ya jumla haina. Al-Suyuti, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1505, aliweka miongoni mwa kanuni tano kuu ile inayotaka dhara liondolewe. Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyokamilika mwaka 1876, inakubali katika vifungu vyake 100 vya mwanzo kwamba dhara la mmoja linaweza kuvumiliwa ili kuzuia dhara la umma, na kwamba dhara zito huondolewa kwa jepesi. Lakini vifungu hivyo hivyo vinakataa kuondoa dhara kwa dhara mfano wake, na vinakataza kuchukua mali ya mtu bila sababu ya kisheria. Njia ya trekta inapita mtihani huo bila taabu ikiwa madhara yake yanaishia ndani ya shamba. Neno lenye uzito hapo ni "ikiwa".

Kwa kweli hayaishii humo kila mara. Mstari ulioshindiliwa haunywi maji. Shamba likiwa na mteremko, na njia zikielekea chini, mvua hugeuza kila mstari kuwa mfereji. Majaribio yaliyofanywa Uingereza mwanzoni mwa karne hii yalionyesha kwamba katika mashamba ya nafaka yenye mteremko, sehemu kubwa ya maji na udongo unaotoka shambani wakati wa baridi hupitia njia hizi, pamoja na fosforasi iliyoshikamana na udongo huo. Udongo unafika mtoni, fosforasi inalisha mwani, na dawa nazo husafiri. Kilichoonekana kuwa kukusanya madhara mahali pamoja kimekuwa kuyapa barabara ya kutokea. Mwenye shamba hayaoni tena. Anayeyaona ni mtu wa bondeni anayechota, anayevua, au anayelipia maji yasafishwe. Yeye hakufunga mrija wowote.

Dawa yake inajulikana, na hilo linaufanya uzembe kuwa mgumu kutetewa. Meno ya chuma yakivutwa nyuma ya tairi na kuvunja uso ulioshindiliwa, maji hupenya na mmomonyoko hupungua sana. Matairi mapana yenye upepo mdogo hubana kidogo. Pale umbo la shamba linaporuhusu, njia huelekezwa kukata mteremko badala ya kuufuata. Na sheria za Uingereza zinataka, kwa dawa nyingi, ukanda wa mita 5 usionyunyizwa kando ya mto au mfereji pale mkono wa trekta unapotumika. Ukanda huo pia ni fungu linaloachwa, na faida yake ni ya aliye nje ya shamba.

Kuna jambo jingine lililofichika ndani ya urahisi wenyewe. Zamani kila safari ya kunyunyiza baada ya ngano kurefuka ilikuwa na bei iliyoonekana kwa macho: ngano iliyolala chini ya tairi. Dereva na mwenye shamba walijiuliza kama dawa hiyo ya mwisho inastahili mimea itakayopondwa, na mara nyingine walijibu hapana. Njia zilipoachwa tayari, bei hiyo ilitoweka. Safari ya saba na ya nane hazivunji chochote. Aliyebuni njia alitaka kuokoa ngano, na akaiokoa. Bila kukusudia aliondoa pia kizuizi kilichomfanya mtu atafakari. Kwa upande wa pili, njia zimeondoa kanda zilizopata dawa mara mbili, na kiasi cha dawa sasa hupimwa kwa usahihi ambao dereva wa povu jeupe hakuweza kuufikia. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Kifaa kinachomwezesha mtu kufanya kitu kwa usahihi humwezesha pia kukifanya mara nyingi, na usahihi haujibu swali la kama kifanywe.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba utupu una maana kwa kadiri ya mlengwa wake unatoka kwenye mashamba hayo hayo ya Uingereza. Kipozamataza wa huko, ndege anayejenga kiota chini na kuimba akipaa angani, amepungua kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Sababu kubwa ni ngano kupandwa majira ya vuli badala ya machipuko, kwani ifikapo wakati wa kuatamia kwa mara ya pili imerefuka na kusongamana, na ndege hapati pa kutua. Hukimbilia mahali pekee palipo wazi, yaani njia za trekta au kando yake. Huko viota hupondwa na matairi au huvamiwa na mbweha, kwa sababu mbweha naye amegundua njia zilizonyooka na huzifuata usiku.

Shirika la kulinda ndege la Uingereza, RSPB, lilijaribu jibu jepesi, hasa katika shamba lake la Cambridgeshire lililonunuliwa mwaka 2000. Dereva wa mashine ya kupandia hufunga mbegu zote kwa mita chache, kisha huendelea. Vipande viwili kwa kila hekta, kila kimoja chenye eneo lisilopungua mita za mraba 16, vinatosha kumpa ndege mahali pa kushuka na kutafutia chakula cha makinda. Hapo hakuna tairi litakalopita, na mwenye shamba hapati punje hata moja. Kwa hesabu ya ardhi, vipande vya kiasi hicho cha chini ni fungu dogo kuliko moja katika 300, yaani chini ya sehemu ya tano ya kile trekta linachopewa kwa mkono wa mita 30. Mashine ni ile ile, mirija ni ile ile, na kitendo cha kuifunga ni kile kile. Dereva hutakiwa tu kuvitenga vipande hivyo na njia za trekta na kingo za shamba, na kuviweka ndani ya ngano nene, mahali ambapo mbweha hana sababu ya kupita.